Flashi Iliyoshonewa Kitenge

Dukani kwake Kenny alijaribu mara ya nne, na mara ya nne kompyuta ikamjibu vilevile: diski imekingwa, haiandikiki. Akaichomoa ile flashi, akaipuliza kama mafundi wote wa Gisenyi wanavyopuliza kila kitu kilichoharibika, akaichomeka kwenye tundu la nyuma. Ikafunguka vizuri tu. Ripoti ya mwaka hii hapa, orodha ya wanachama hii hapa, picha za sherehe hizi hapa. Na katikati yake, kwa herufi kubwa ambazo Vestine alijuta kuzichagua: BARUA YA VESTINE KUACHA KAZI.

"Futa hiyo tu," Vestine alisema. "Zingine ziache."

Kenny akabonyeza. Kompyuta ikakataa.

Saa ilikuwa inakaribia nne asubuhi. Saa nane mchana flashi hiyohiyo ingechomekwa mbele ya wanawake tisini, wauza mboga wanaovuka mpaka kila siku kwenda Goma na kurudi, na yote yaliyomo yangeorodheshwa ukutani kwa mwanga wa projekta, makubwa, hata kwa wale wasiotaka kusoma.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini asichukue flashi nyingine. Huyo hajaujua ushirika wao. Kila mkutano mkuu unapoanza, katibu huingia na kikapu cha kusukwa chenye kifuniko, na ndani yake mmekaa vitu viwili: muhuri na flashi. Humkabidhi mwenyekiti kwa mikono miwili, mwenyekiti huviinua juu watu waone kwamba havijabadilishwa, na akina mama hupiga vigelegele. Ndipo mkutano unakuwa mkutano. Na ili flashi isichanganyike na za watu, mwenyekiti mwenyewe aliishonea kitenge cha sare yao, kijani chenye ndege weupe, kikabaki kimechungulia kipande cha chuma tu. Walipoulizwa na watu wa wilaya walisema huyo ni mtoto wa ushirika, lazima avae sare. Walicheka, lakini hawakutania.

Mwenyekiti huyo ni Mukamazimpaka, na hapo ndipo shida yote ya Vestine ilipolala.

Vestine alizaliwa Goma. Volkano ilipomwaga moto mjini, Januari ya mwaka elfu mbili na mbili, alivuka mpaka kwa miguu akiwa na sufuria moja, na ndani ya sufuria mlikuwa na kadi yake ya ubatizo. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mukamazimpaka alimkuta amekaa kando ya barabara, akampa maharage, akampa na chumba nyuma ya nyumba yake, alale siku tatu mpaka mambo yatulie. Mambo yalitulia zamani. Chumba bado anacho. Mama huyohuyo alimpeleka kwa masista huko Nyundo akajifunze kupiga chapa, akamfanya katibu, na kwa miaka ishirini na zaidi hajawahi kumwomba chochote. Afadhali angeomba. Mtu akikutesa, unajua utatokea mlango gani. Akikutendea wema kila siku, mlango unauona na miguu haiendi.

Januari iliyopita Valens alikuja na neno. Alifiwa na mke, analima karoti na viazi kule Nyakiriba, mtu wa maneno machache ambaye huosha buti zake kabla ya kuja mjini. Alitaka kumwoa Vestine, wakakae kwake. Vestine alirudi ofisini akaandika barua ya kuacha kazi, aya tatu za heshima, akaitia tarehe, akaihifadhi ndani ya flashi kwa sababu kompyuta ya ofisi inaguswa na kila mtu. Hakuichapisha. Mwezi wa pili aliifungua akasogeza tarehe. Wa tatu, akasogeza. Mpaka Novemba barua ilikuwa na tarehe kumi na moja na msomaji mmoja, naye ni yeye mwenyewe.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake. Kila Jumamosi flashi hulala kwa mwenyekiti, ndani ya kikapu chake. Mama huichomeka kwenye televisheni apate kutazama picha za harusi na kusikiliza kwaya, na televisheni yake haionyeshi barua. Vestine alihakikisha hilo mapema. Kwa mambo ya kujificha alikuwa na bidii.

Leo Mukamazimpaka angemtaja tena kuwa katibu kwa miaka mitatu na mikono tisini ingeinuka. Jumapili Valens alikuwa amesema, bila hasira, kwamba wakimchagua naye akanyamaza, atakuwa amepata jibu lake. Vestine aliamka asubuhi na uamuzi mmoja tu, kwamba barua isionekane. Kama anaondoka au anabaki, hilo aliliahirisha kama alivyozoea.

"Madamu, ngoja nijaribu na hii," Kenny alisema. Alikulia Kampala, Kiswahili chake bado kina haraka ya huko. Akafungua lile dirisha jeusi lenye maandishi meupe, akaandika amri ya kuondoa kinga. Kompyuta ikasema imefaulu. Akarudi kwenye barua, akabonyeza kufuta. Ikakataa.

Akatafuta virusi, hakuna. Akahamia kompyuta ya pili, yaleyale. Akaamuru flashi yote ifutwe, mafaili mengine akiwa ameshayatoa kopi kando, nayo ikagoma.

"Hii itakuwa imechoka," Kenny alisema. "Flashi ikizeeka inajifunga. Inakubali kusomwa, haikubali kuguswa. Za zamani kidogo zina kitufe ubavuni cha kufungia, lakini na hiki kitambaa siwezi kuona. Nikitoe?"

"Hapana. Mama alikishona mwenyewe."

"Basi nunua mpya, tuhamishe yote isipokuwa hiyo barua, halafu tuivalishe kitambaa hiki. Nani atajua?"

Hiyo ingekuwa sawa na kuubadilisha muhuri, na Vestine alikuwa amewasimulia wageni mara ngapi kwamba vitu vya kikapuni havibadilishwi. Akatazama saa. Akasema, kwa sauti ambayo hakuipenda, "Lete wembe."

Kenny alitaka kukata, Vestine akamnyang'anya wembe. Akaanza kufumua mshono mwenyewe, tundu kwa tundu, na alipofika la tatu mkono ukasimama. Uzi ulikuwa mweupe. Siku kitenge kiliposhonwa alikuwa amekaa pale pale miguuni pa Mama, akimtungia sindano kwa sababu macho ya Mama yalishaanza kusumbua, na uzi aliomtungia ulikuwa wa kijani. Huu ulikuwa mweupe, mpya, haujapata hata uchafu wa vidole.

Kitambaa kikatoka. Ubavuni mwa flashi kulikuwa na kitufe kidogo kuliko punje ya mchele na mchoro wa kufuli. Kilikuwa kimesukumwa upande wa kufuli.

"Kumbe ni haka," Kenny alisema, akicheka kwa aibu. Akakirudisha kwa ukucha, akachomeka. "Imefunguka. Nifute?"

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kompyuta. Vestine alikuwa amekuja kwa jambo hilo na sasa alikuwa nalo.

"Usifute," alisema. "Nipe."

Nyumbani alimkuta Mukamazimpaka amekaa kitandani, sare imepigwa pasi, viatu bado hajavaa. Vestine aliweka flashi mezani ikiwa uchi, na kitambaa kando yake. Yule mama alikigusa kitambaa kwa kidole.

"Umekafungua," alisema.

"Ni wewe ulikafunga, Mama?"

"Ni mi. Ile posho ya juzi, Jumamosi. Akaliza alinionyesha fasi ya kusukuma, akanitungia uzi." Akaliza ni mjukuu wake, anasoma chuo, ana kompyuta yake.

"Kwa hiyo umesoma."

"Akaliza alinisomea tangu mwezi ya pili. Alikuwa anatafuta picha za kwaya, akaona jina yako." Alisema polepole, bila kumtazama. "Ile siku nililia. Halafu nikasema, bon, mwezi hii atanipatia. Nikatayarisha maneno ya kukujibu, maneno muzuri. Mwezi ikapita. Namwambia Akaliza, angalia tena, anasema, Nyogoku, bibi yangu, tarehe imehama. Nikatayarisha tena. Ikahama tena. Kila mwezi we unaenda, kila mwezi unabaki, na mi niko hapa na maneno yangu mu kinywa. Ukinipikia chai najiuliza kama ni ya mwisho."

Vestine alitaka kukaa, hakuona mahali. Miezi kumi na moja alidhani ni yeye peke yake aliyefungiwa.

"Kwa nini hukuniuliza, Mama?"

"Na we, kwa nini hukunipatia?"

Vestine alikichukua kitambaa akakikunja.

"Nikaona nifunge," Mukamazimpaka alisema. "Isiweze kuhama tena, isiweze kufutika. Itoke leo mbele ya watu wote, tumalize. Usiku nikaona nimekosa, ni vibaya kumutoa mutu hivyo. Lakini macho yangu haikuweza kufumua tena." Akafuta uso kwa kiganja. "Kama unaenda, mwanangu, enda. Kama unabaki, futa. Ile mi siwezi tena ni tarehe."

Vestine alichukua flashi akaenda ofisini, mlango wa tatu kutoka hapo. Akaifungua barua. Aya tatu hakuzigusa. Alisogeza tarehe mara ya kumi na moja, akaandika ya leo, akahifadhi, na mashine haikukataa. Akachapisha nakala moja, akatia saini. Kisha akaichomoa flashi, akakitafuta kile kitufe kwa ukucha, akakisukuma mpaka kikafika upande wa kufuli.

Aliporudi, Mukamazimpaka alikuwa ameshavaa viatu. Vestine alimpa barua kwa mikono miwili. Yule mama hakuifunua, aliikunja mara moja akaiingiza kikapuni, chini ya muhuri.

"Ni Valens wa karoti?" aliuliza.

"Ni yeye. Sijampigia bado."

"Mupigie kesho. Leo uko na kikao." Akavuta kibati cha sindano kutoka chini ya mto, akanyoosha mkono kuomba flashi na kitambaa. "Nitungie uzi. Ule wa kijani."

Vestine akautafuta, akautia kwenye tundu la sindano, akakaa chini miguuni pake kumshikia kitambaa.