Nambari Tasa

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amewafunza watoto msamiati wa hesabu, na msichana wangu akaja nyumbani na swali: je, 200,003 ni nambari tasa? Eleza. Tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Mimi nilisoma hayo sekondari kwa Kiingereza, na Kiingereza hakikunitukana.

Ilikuwa Jumapili, kwetu mtaani Section 58. Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Bahati na kabeji zake na domo lake. Tangu nijifungue huyu mtoto nikatolewa kizazi, hajawahi kunisalimia bila kuliangalia tumbo langu. Alikuwa ameshamwambia mume wangu atafute mwingine wa kumzalia kijana. Mume wangu hakuwa amesema ndiyo. Hakuwa amesema la pia.

Mtoto akasoma kwa sauti, "Elfu mia mbili na tatu."

"Hiyo iko na sifuri tatu nyuma," mama mkwe, shosho yake, akasema. "Inagawanyika mpaka na kumi. Andika si tasa."

"Umesikia mia mbili na tatu elfu," nikamwambia. "Hii ni laki mbili, halafu tatu peke yake huko mwisho."

"Kumbe haigawanyiki? Basi ni ya ukoo wenu."

Mume wangu akacheka. Alikuwa na njugu mdomoni, nikaziona zote, zimetafunwa nusu. Mpaka leo siwezi kununua njugu.

Nikapangusa meza, nikakaa na mtoto. Mbili na tano hazikuhitaji kazi, inaishia na tatu. Tatu nayo ikakataa, kwa sababu tarakimu zake ukijumlisha unapata tano. Saba ikabakisha sita. Kumi na moja ikabakisha moja. Tuliendelea hivyo, kila tasa ndogo kwa zamu, mpaka karibu mia nne na hamsini. Ukipita hapo unarudia tu kazi uliyofanya. Hakuna hata moja iliyoingia. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi kwa penseli. Wale wawili walikula, wakaomba chai, nikawaonyesha jikoni kwa kidole.

"Mama, kwa nini inaitwa tasa?"

"Muulize aliyeiita hivyo. Sita imetoka wapi?"

"Mbili mara tatu."

"Mbili ni tasa, tatu ni tasa. Kumi na tano je?"

"Tatu mara tano." Akaandika. "Kwani zile zingine zote zinatoka kwa hizi?"

"Zote. Hata hii yenu, izidishe mara mbili."

"Laki nne na sita," akasema, safari hii akimwangalia shosho yake.

"Hayo ni ya vitabu," mama mkwe akasema. "Nyumba haijengwi na vitabu."

Hapo mtoto akauliza, bila ubaya wowote, "Mama, shosho anasemanga wewe ni tasa. Ni ukweli?"

Nilimwangalia mume wangu. Nilimpa nafasi, nyingi kuliko alizostahili. Akatafuta njugu nyingine kwenye bakuli.

"Ni ukweli," nikasema. "Kama hiyo hapo. Andika ni tasa, na uandike sababu." Kisha nikamgeukia mume wangu. "Na wewe unayegawanyika na kila mtu, msindikize mamako Bahati. Ukifika, kaa huko."

Akasimama, maganda ya njugu yakamwagika kutoka mapajani. Niliyafagia kabla hawajafika kwa geti.