Nilimficha Papa Faida kwa Mkono Wangu

Nina hasira, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Jina langu silitaji, maana hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, wangenizomea mpaka kituo cha mabasi! Ila kosa langu lichapeni lote gazetini.

Ninatunza tovuti ya watu waliopotezana na jamaa zao wakati wa vita vya Kongo. Mmoja wao alikuwa mzee mkulima wa Nkungu. Binti yake, Faida, alimpotea kule Bukavu siku watu walipokimbia risasi, akiwa na miaka tisa. Mzee mwenyewe tulimwita Papa Faida, yaani baba yake Faida, na jina lingine hakuliitikia.

Ukurasa wake niliuandika mimi. Ukiandika "Papa Faida Nkungu" kwenye mtambo wa kutafuta, ulitokea wa kwanza. Nilipomwonyesha, alicheka mpaka akatoa machozi.

Kila siku ya soko alishuka na ndizi zake, akapitia ofisini.

"Maman, jina yangu iko inaonekana?"

"Iko, Papa."

"Basi mutoto ataniona."

Seva yetu ilipoanza kukatikakatika, nikaihamishia tovuti kwenye seva nyingine. Nilijitia mjuzi! Wakati wa kuijenga upya niliweka alama kwenye kisanduku kinachoiambia mitambo ya kutafuta isiionyeshe kabla haijakamilika. Kazi ikaisha. Alama sikuiondoa.

Niliikaguaje? Niliandika anwani yenyewe, ikafunguka, nikajipongeza. Mjinga mimi! Faida angeijulia wapi anwani ile? Yeye alikuwa na jina la baba yake tu.

Ukapita mwaka na zaidi. Ujumbe ukapungua, nami nikasema watu wamechoka kutafutana. Nilithubutu kuwalaumu wao! Ndugu za mzee wakataka Faida awekewe matanga, yaishe. Akakataa, akaja kwangu na mkongojo wake.

"Maman, banasema mutoto alikufa. Jina yangu ingali pale?"

Nikafungua kwa anwani ileile. "Ona, Papa. Iko."

Mvua zilipoanza alifariki. Tulimzika Nkungu.

Miezi miwili baadaye mwenzangu kazini akauliza kwa nini tovuti yetu haionekani popote mtu akitafuta. Ndipo nikakiona kile kisanduku. Niliiondoa alama palepale. Wiki tatu zikapita, ukurasa ukarudi, na ujumbe ukaingia kutoka Kalemie, huko Kongo:

"Ni mimi Faida. Tangu mwaka jana nilipata telefone, nilikuwa natafuta jina ya papa kila dimanche, siku ya Mungu, kisha misa. Hakukutoka kitu. Nikasema alikufa, nikamulilia. Leo nimeona! Papa iko? Mumupatie telefone."

Nilimpigia nikamwambia ukweli wote. Hakunitukana, na afadhali angenitukana! Aliuliza tu, "Alikuwa ananingoja?"

"Mpaka mwisho," nikamjibu.

Wanaonifariji eti ni mapenzi ya Mungu, waniache! Mungu hakuiweka alama ile. Niliiweka mimi.

Wewe unayehamisha tovuti yenye majina ya watu, usiniige. Usiifungue kwa anwani unayoijua wewe. Azima simu ya mtu, tafuta kama mgeni asiyejua lolote, na wiki ijayo utafute tena, na tena. Mimi nilimjibu mzee "iko" mwaka mzima, na haikuwepo.