Jiwe la Ukoo Wetu

Kila mwaka kijijini kwetu, kwenye vilima vya Ileje, tunawakumbuka mababu waliopigana na Wajerumani. Kila ukoo unapeleka jiwe moja kutoka shambani kwake, linaongezwa kwenye rundo pale juu ya kilima walipouawa. Kwaya inaimba, wali unaliwa.

Babu yake baba yangu hakupigana. Yeye ndiye aliyewaonyesha Wajerumani njia ya kupandia. Walikuwa wamemfunga kamba shingoni, lakini hiyo kamba hakuna anayeitaja.

Jiwe letu alikuwa akilibeba baba, begani, na wazee walilipokea kwa mikono miwili. Mwaka huu magoti yamemshinda, akanituma mimi. Nikamuuliza nichukue jiwe gani shambani.

"Achana na shamba," alisema. "Lipo chini ya kilima, kwenye miiba. Lina ufa katikati. Wakishalipokea huwa wanaliviringisha toka juu mpaka hapo. Nimebeba hilohilo tangu nikiwa kijana."

Nilidhani ananitania. Nikaenda, nikalikuta kwenye miiba, na ufa wake. Nikalipandisha huku natukana kimoyomoyo. Wazee wakalipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, mwanetu," wakasema, na mmoja akaniombea baraka. Wanafiki wakubwa!

Sikusubiri wali. Nilikuwa katikati ya mteremko niliposikia vicheko kule juu, kisha kitu kizito kikija nyuma yangu kwenye nyasi. Nikasogea pembeni, nikalipisha. Njia lilikuwa linaijua.