Bafu la Attracta

Shemeji yangu Dessie Tallon aliendesha basi mjini Dublin tangu akiwa kijana mwenye nywele mpaka alipostaafu hana hata unywele mmoja, na maisha yake yote imani yake ilikuwa moja: saa ikifika, gari linaondoka. Mtu wa namna hiyo ukimleta kwetu Roscommon, mashambani, umemtafutia presha. Nilimwambia dada yangu Attracta hivyo hivyo siku waliyohamia, naye akacheka mpaka akakohoa.

Kukohoa huko ndiko kulikowaleta. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha, madaktari walishasema, naye akasema kama ni kufa atafia nyumbani kwa mama yetu, siyo kwenye ghorofa la watu asiojua hata majina yao. Nyumba ya mama ilikuwa imekaa tupu, ila ilikuwa nzima. Shida ni kwamba bafu lilikuwa juu, na kupanda ngazi Attracta alikuwa hawezi tena. Kitanda chake tukakiweka sebuleni. Kikabaki kitu kimoja tu alichokitaka: kuoga maji ya moto mwili mzima, amekaa kwenye kiti chini ya bomba la mvua, mlango umefungwa, bila mtu kumshikashika. Kulikuwa na kijichumba cha kuwekea makaa na viatu nyuma ya jiko ambacho kingegeuzwa bafu na choo. Kazi ya fundi bomba mmoja, tena ndogo.

Fundi bomba wetu ni Ultan Keaveney. Ultan ana moyo mzuri na mdomo mzuri zaidi. Hakuna nyumba asiyoijua wala mtoto asiyemwita kwa jina lake, na ukimkuta njiani atasimamisha gari katikati ya barabara akuulize habari za mgongo wako. Mara ya kwanza alikuja upesi kuliko tulivyotarajia. Akavunja sakafu, akalaza mabomba, akaleta choo ndani ya boksi lake akaliweka ukumbini, akanywa chai, akamwambia Attracta amefanana na mama yetu, akaondoka. Aliacha ngazi yake na mfuko wa vifaa, akasema atarudi Jumanne. Hakusema Jumanne ipi.

Dessie alimsubiri dirishani tangu asubuhi. Jumanne iliyofuata vilevile. Akipiga simu, Ultan anapokea, tena kwa furaha: yuko njiani, amekwama kwa mjane fulani ambaye tangi lake limepasuka, lakini wiki hii haiishi, Mungu akipenda. Sikukuu ya Mtakatifu Patriki ikapita. Pasaka ikapita. Kila asubuhi Dessie alichemsha maji, akamfuta mkewe kwa kitambaa na beseni, mkono, kisha mguu, kisha mgongo, huku Attracta akimtania kwamba anamwosha vipande vipande kama basi kuukuu. Alitania, lakini nilikuwa nikimwona uso. Alikuwa akiona aibu, na baridi ilikuwa ikimuumiza.

Mimi nami nikamtania Dessie siku moja, nikamwambia sasa amejua sisi abiria tulivyokuwa tunajisikia kituoni tukingoja basi. Hakucheka.

Nilikwenda kwa mama yake Ultan, kwa sababu kwetu mtu mzima ukishindwa naye unamshtakia mama yake. Mama Ultan alinikatia keki, akanisikiliza vizuri, akasema mwanawe amezidiwa na kazi, na haraka haraka haina baraka.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mama," nikamwambia. "Dada yangu hana muda wa kungoja."

Akasema atamwambia. Najua alimwambia, maana Ultan alipiga simu jioni ile ile, akaahidi Jumanne.

Dessie akaona isiwe taabu, akamwita fundi mwingine, Noel Prunty, kutoka upande wa pili wa ziwa. Noel alikuja siku hiyo hiyo, akachuchumaa kwenye kile kijichumba, akagonga mabomba, akaguna kwa kuridhika. Kisha akaiona ngazi.

"Ya nani hii?"

Dessie akamwambia ni ya Ultan. Noel akainuka, akapangusa magoti. Akasema kazi imeanzwa vizuri sana, yeye hana la kuongeza, na Ultan bila shaka anarudi. Dessie akamwambia Ultan harudi, ndiyo maana amemwita yeye. Akamweleza habari za Attracta, akamwomba, na Dessie si mtu wa kuomba. Noel alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mzee, mimi na Ultan tunakutana kila siku," akasema. "Siwezi kuingilia kazi ya mwenzangu."

Nilijaribu kumweleza Dessie kwamba ndivyo ilivyo: fundi akiacha ngazi yake, kazi ni yake, kama mke. Akaniuliza, je, mume akitoroka? Nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa, na swali hilo sijawahi kulisikia.

Jumapili iliyofuata akafanya kosa. Alimngoja Ultan nje ya kanisa baada ya misa, pale langoni ambapo kijiji kizima husimama kupiga soga, akamkabili mbele za watu. Kwetu mtu humsemi kazi yake pale. Unaweza kumchukia miaka mingi, unaweza kumsengenya mpaka ulimi uchoke, lakini langoni pale unamuuliza habari za ng'ombe wake, basi.

"Ultan, niambie neno moja," Dessie akasema kwa sauti ya kuita abiria. "Utakuja au hutakuja? Ukisema hapana sitakasirika. Nitatafuta mtu Dublin, hata Belfast. Ninachotaka ni jibu."

Ultan akawa mwekundu mpaka masikioni. Akatutazama mmoja mmoja, kama anayetaka tumtetee.

"Kaka Dessie," akasema, "kwani mimi nimewahi kukuambia hapana?"

Na kweli hakuwahi. Hiyo ndiyo balaa yenyewe. Mtu wa kwetu kusema hapana ni sawa na kukutemea mate, kwa hiyo atakuambia ndiyo mpaka uzikwe. Mume wa binamu yangu akakohoa, mwingine akasema mvua inakuja, watu wakatawanyika. Tangu siku hiyo Ultan akawa hapokei simu. Si kwa ubaya. Aliona haya, na mwenye haya kwetu hujificha. Yule wa Dublin aliyetafutwa akasema ni mbali mno. Nilitaka kuwachapa wote, Ultan kwa mdomo wake, Dessie kwa kukosa simile, na mimi mwenyewe kwa kukaa katikati yao kama mlango wa duka unaosukumwa huku na huku.

Attracta alifariki alfajiri, mwezi wa Mei, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe. Kwetu maiti hulazwa nyumbani na kijiji chote huja kumwona na kukesha naye. Daktari na padri walikuwa wamekwisha kuondoka, na mimi na binamu yangu tulikuwa jikoni tunachemsha maji ya kumwosha, tuliposikia gari. Lilikuwa la Ultan. Nyuma yake lilikuja la Noel Prunty.

Hawakugonga. Ultan alimshika Dessie mkono, akasema pole kwa msiba, akasema nyumba haiwezi kupokea watu bila choo cha huku chini, akavua koti. Noel akambebea lile boksi la choo. Wawili hao wakapiga magoti bega kwa bega, huyu akikata, huyu akiunga. Akaja mtu na lami ya kuziba mashimo ya njia, akaja mwingine kupaka rangi lango, na wanawake wakaja na mikate ya nyama, kila mmoja akiniambia masikioni, umemwona Ultan, hata saa haikupita, yule ana utu. Nikauma ulimi mpaka ukauma kweli.

Maji yetu yalipochemka Dessie alituzuia.

"Ngojeni kidogo, shemeji," akasema. "Fundi amekuja."

Basi tukangoja tena. Kabla ya chakula cha mchana tukasikia bomba la mvua likimwagika upande wa nyuma, na mvuke ukatoka mpaka ukumbini. Ultan akaja anafuta mikono, kofia kwapani, macho mekundu. Akamwambia Dessie kwa sauti ya chini kwamba maji ya moto yapo.

Dessie akamfungulia mlango wa sebule.

"Ingia umwambie," akasema.

Nilidhani Ultan ataondoka. Akaingia. Alisimama kando ya kitanda, akageuzageuza kofia yake, nikamsikia akisema polepole, kama asiyetaka kumwamsha mtu, "Attracta, maji yapo tayari." Kisha tukamtoa Ultan nje, nikaenda na beseni kukinga maji ya bomba lile, tukafunga mlango tukamwosha dada yangu.