Kwenda Malaba Kuuliza Habari za Yeriko

Nilifunga safari kwa sababu ya ukuta. Uhuru ulikuwa bado mpya, na mwalimu mmoja aliyekuja likizo hapa Butula alituambia kwamba wataalamu wamechimba Yeriko, wakakuta ukuta wake ulianguka zamani, kabla Yoshua hajafika kuuangusha kama Biblia isemavyo. Mimi ni katekista. Nilimwambia mke wangu kwamba kama nafundisha uongo, bora nirudi kwenye mihogo yangu. Yeye hapendi manung'uniko. Akasema kuuliza si ujinga, niende Malaba, ambako walimu wawili wa dini kutoka Uganda wangejadili jambo hilo.

Alfajiri nilipanda baiskeli. Nambale ilikuwa siku ya soko, nikashuka nikaisukuma kati ya ng'ombe na vikapu vya simsim.

Malaba nilifika alasiri, kanisa limejaa. Mwalimu wa kwanza alisema udongo haudanganyi: mji ule ulikuwa magofu tayari. Mwenzake akajibu kwamba mvua huosha mengi, na mchimbaji huona kilichobaki tu. Nilitazamia ugomvi. Kumbe walipokezana Biblia moja kwa upole, kama watu wanaopakatishana mtoto mchanga. Nilistaajabu, lakini jibu sikupata.

Usiku ule nililala kwa Mama Amoit, mjane wa Kiteso, naye alicheka aliposikia shida yangu. Asubuhi akanipeleka kwenye shamba lake la wimbi. Katikati ulipita mgongo mrefu wa udongo, umeota nyasi.

"Hii ilikuwa ukuta ya watu wenu," akasema. "Babu zetu walivunja siku moja tu."

Nikamwambia kwetu Butula husemwa tulihama huku wenyewe, ng'ombe walipopata ugonjwa.

"Basi kila mtu na yake," akasema. "Lakini ukuta iko. Panda uone."

Nilipanda, nikasimama juu yake. Miaka yote nilisoma kitabu cha Yoshua nikijiona nje, pamoja na wenye tarumbeta waliouzunguka mji. Sikujua mimi ni mtoto wa waliokuwa ndani. Na huyu mjukuu wa washindi alikuwa amenipa kitanda cha mwanawe, na karanga za njiani amenifungia.

Njia ya kurudi sikuihisi. Jumapili niliwaambia waumini kwamba wasomi bado wanabishana, nami sijui ukuta ulianguka lini. Ukatekista sikuuacha. Niliisoma sura ya Yeriko mpaka mwisho, pamoja na pale wenyeji wanapouawa, kisha, kwa mara ya kwanza hapa Butula, tukawaombea watu wa Yeriko.