Kushuka Baiskeli

Mjomba wangu hakumwamkia mtu mzima akiwa juu ya baiskeli, hata mara moja. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru tulizunguka ziwa kwa njia ya changarawe, baina ya mpunga na minazi ya kugema, naye alishuka kwa kila mama aliyekuwa akipalilia. Mimi nyuma kwenye keria nilichemka kwa hasira.

Siku aliyoniachia baiskeli nilipita mbio nikipaza sauti, “Shikamoo, bibi!” Bibi aliyeinama mpungani hakuitikia. Nikarudi, nikashuka, nikaamkia tena.

“Marahaba, mjukuu wangu. Mjomba wako hajambo?”

Baada yake nilishuka kwa kila mtu. Nilifika nyumbani alasiri. Mjomba aliyatazama mavumbi miguuni mwangu, akasema, “Na kesho ichukue.”