Sharubu na Bei ya Mayai Mawili

Mzee Lifti aliipima dunia kwa mayai mawili. Alikuwa ametengeneza lifti kwa miaka thelathini na minne, katika miji tisa ya nchi nne, na kila alipofika mji mgeni aliingia mgahawani na kuagiza kitu kilekile: mayai mawili ya kukaanga, vipande viwili vya mkate na kikombe cha chai. Akishalipa, fedha za nchi hiyo zilimtoka akilini. Alijiuliza jambo moja tu: sahani hii nimeifanyia kazi dakika ngapi?

Katika mji mkuu wa nchi jirani, dakika kumi na tisa, na chai ilikuwa vuguvugu. Katika mji mmoja wa bandari, dakika arobaini, na mhudumu alinuna kana kwamba mayai ameyataga yeye. Ng'ambo kwenye baridi, alikopelekwa kozi ya miezi mitatu, saa moja na nusu, na chumvi ililetwa kwenye kikaratasi kama dawa ya minyoo. Mtaani kwake, kwa mama lishe aliyeitwa Bibi, kwenye meza nne zilizo nyuma ya duka la kinyozi, dakika kumi na moja. Alipostaafu aliendelea kuhesabu kwa mshahara wake wa mwisho, na bei ya Bibi haikupanda hata senti kwa miaka kumi na miwili.

"Nitajieni mji," alikuwa akisema, huku akipangusa kiini cha yai kwenye sharubu, "unaomlisha mtu kwa jasho dogo kuliko hapa. Mmoja tu!"

Sharubu hizo zilikuwa nyeupe na pana, mithili ya brashi ya kupakia chokaa. Mkewe alizipunguza kwa mkasi wake kila Ijumaa, na tangu alipofariki hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. Bibi, ambaye macho yalikuwa yameingia ukungu, alizitambua kutoka jikoni na kuvunja mayai kabla mwenye sharubu hajavuta kiti.

Kinyozi, rika la Mzee Lifti na adui yake wa kila asubuhi, alichoka kusikia wimbo huo. Alikuwa na binti ng'ambo aliyemtumia picha za vyakula kwa simu, lakini kila alipozionyesha mzee alimjibu, "Picha hailiwi."

"Basi tuwekeane," alisema siku moja. "Ukila mahali rahisi kuliko hapa, nakunyoa hizo sharubu."

"Kwa kinywa changu mwenyewe?"

"Kwa kinywa chako hicho kinachochosha watu."

"Mayai mawili, mkate na chai?"

"Na chumvi nakuongezea."

"Wembe wako utaota kutu, ndugu yangu." Wakapeana mikono, Bibi akiwa shahidi.

Wiki mbili baadaye mjukuu wa Mzee Lifti alipata mshahara wa kwanza, akampeleka babu kula kwenye hoteli mpya, ghorofa ya kumi na mbili. Zamani mtu aliketi akaletewa chakula. Siku hizi analetewa kwanza kitabu, akisome kama anayejiandaa kwa mtihani. Mzee alikisoma hadi kwenye mayai, akapiga kofi mezani.

"Dakika mia moja na arobaini!"

"Babu, sauti."

"Acha nifurahi, mjukuu wangu. Hii ndiyo ghali kuliko zote! Ngoja kinyozi asikie!"

Alikula kwa raha ya mshindi. Walipotaka kushuka, walikuta umati mbele ya lifti. Mlango ulifungika, ukafunguka, ukafungika tena, kama mtu anayepiga miayo. Meneja, mwanamke mwenye miwani, alikuwa anaomba radhi: fundi angefika kesho. Mzee alisikiliza mlango mara tatu, akainama, akachomoa kijiti kwenye glasi ya juisi ya mgeni mmoja bila kumwomba, na kuchokoa kwenye reli ya chini. Likatoka kofuli dogo la sanduku la safari. Mlango ukafungika, ukatulia.

"Dakika nne," alisema mjukuu, ambaye alilelewa na babu huyo na kwa hiyo alikuwa ameangalia saa bila kuagizwa.

"Mzee wangu," meneja alisema, "chakula chenu leo hamlipi. Umekifanyia kazi."

Mzee Lifti akageuka rangi. "Hapana. Nilipishe."

"Haiwezekani."

"Binti yangu, nakusihi, nilipishe! Nilipishe mara mbili!"

Meneja aliguswa sana na unyenyekevu huo, akamfungia na keki.

Ndani ya lifti mjukuu alinong'ona, "Dakika nne, Babu. Lakini kinyozi hajui."

"Mimi najua," alisema mzee, akafunika sharubu kwa kiganja mpaka lifti ikafika chini.

Asubuhi aliketi kwenye kiti cha kinyozi, akasimulia yote, akafumba macho. "Nyoa."

Kinyozi alinoa wembe kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Tungeweza kusema keki imeharibu hesabu," alisema.

"Tulipeana mikono."

Basi zikaanguka. Mdomo wa juu ulikuwa mweupe na mdogo, kama wa mtu mwingine aliyefichwa humo miaka yote. Mzee akazifunga sharubu zake kwenye gazeti, akazitia mfukoni, akaenda kula kwa Bibi.

Hakuna yai lililovunjwa. Ilibidi aagize, tena kwa sauti ndogo, maana aliona haya. Alipomaliza, akaweka mezani pesa zake za siku zote.

"Mgeni," Bibi alisema, akizipapasa, "hizi hazifiki hata nusu."

"Si ndiyo bei?"

"Hiyo ni bei ya zamani. Ipo kwa mtu mmoja tu. Mkewe alikuwa rafiki yangu, na mtu mwenyewe anafurahi sana akihesabu dakika zake. Wewe ni mara tatu."

Mlangoni, kinyozi alikuwa amesikia yote. 

Mzee Lifti alilipa mara tatu, dakika thelathini na tatu, akatoka polepole.

"Kinyozi," alisema, "una dawa ya kuotesha nywele?"

"Ipo."

"Nipe chupa mbili."